Si Giza Lililoharibu Picha: Majibu kwa Madai Tisa ya Wapiga Picha wa Harusi

Harusi haina marudio. Pete huvishwa mara moja, keki hukatwa mara moja, na machozi ya mama anayemuaga binti yake hayatoki tena kwa kuombwa. Ndiyo maana albamu mbovu inauma. Familia imechanga, kamati imekaa vikao, ukumbi umelipiwa, kisha picha zinafika: uso wa bibi harusi ni kivuli, shela limeungua hadi halina hata mkunjo, shangazi aliyekuwa akicheza ametikisika, na meza kuu yote ina rangi ya zambarau.

Familia ikiuliza, majibu yapo tayari. Ukumbi ulikuwa na giza. Kamera imezeeka. Ngozi yenu haishiki mwanga. Majibu haya yamerudiwa mno, hata vijana wanaojifunza kazi wanayapokea kama kanuni za fani. Mengi si kweli, na yale yenye chembe ya ukweli hutumiwa kufunika uzembe.

Nitayajibu moja baada ya jingine. Msimamo wangu katika yote ni mmoja: kamera hupima mwanga, lakini haijui nani kwenye picha ana thamani kuliko mwingine. Kuamua uso upi lazima uonekane, na kitu gani kikubaliwe kupotea ili uso huo uonekane, ni kazi ya mtu aliyeshika kamera. Picha nyingi zinazokatisha tamaa ni zile ambazo uamuzi huo haukufanywa na mtu yeyote.

Dai la kwanza: "Watu weusi ni wagumu kupiga picha, hasa usiku."

Naanza na hili kwa sababu ndilo baya kuliko yote: linamtwisha lawama mtu aliyepigwa picha.

Kipima mwanga kilicho ndani ya kamera kimetengenezwa kwa kudhani kwamba vitu vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vina weupe wa kijivu cha kati, yaani vinarudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaoviangukia. Sasa fikiria jukwaa la maharusi. Nyuma yao kuna vitambaa vyeupe, maua meupe na taa zilizopangwa kuwaka moja kwa moja kuelekea kwa wageni. Kamera inaona mng'ao huo wote, inahesabu kwamba mwanga umezidi, inaupunguza, na nyuso za maharusi zinazama. Kilichoziangusha ni mapambo yaliyo nyuma. Angesimama pale mtu mwenye ngozi nyeupe, naye angetoka amefifia.

Kipima mwanga hichohicho hukosea pia upande wa pili. Mpige bwana harusi aliyevaa kanzu nyeupe iliyojaza fremu, kanzu itatoka ya kijivu. Mpige mama aliyevaa buibui mbele ya ukuta mweusi, buibui litatoka limepauka na uso utaungua. Kamera imefanya ilivyoundwa kufanya, nayo inasubiri mtu aisahihishe.

Lipo pia jambo la historia ambalo kila mpiga picha wa Afrika anapaswa kulijua. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafishia picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa "Shirley", kwa jina la mfanyakazi aliyekuwa wa kwanza kupigwa picha hizo. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha iliyotoka sawa. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada aliyezichunguza kadi hizo, alielezwa na watu waliofanya kazi Kodak kwamba watengenezaji wa chokoleti na wa samani ndio waliolalamika kuwa filamu haitofautishi vizuri rangi za kahawia. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilitoka katika miaka ya 1990. Mwaka 2021 Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikitangaza kwamba kamera yake imerekebishwa ili ngozi nyeusi itoke kwa haki. Kampuni inaporekebisha chombo chake, inakiri kwamba kasoro ilikuwa kwenye chombo.

Na ushahidi wa kwamba ngozi nyeusi inapigika vizuri upo tangu zamani. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, akawapiga watu wa mji wake kwa mwanga wa kawaida wa uani kwake. Malick Sidibé, wa mji huohuo, aliwapiga vijana wakicheza usiku katika miaka ya 1960. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Hasselblad, Mwafrika wa kwanza kuipata. Hakuna anayetazama picha za wawili hao akasema ngozi ni tatizo.

Cha kufanya ni hiki. Pima mwanga usoni, usipime ukumbi mzima. Tumia upimaji wa nukta moja, au bonyeza kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, uongeze hatua moja au moja na nusu pale nyuma panapong'aa. Hatua moja ni mwanga maradufu. Ukipima nukta kwenye ngozi nyeusi sana, punguza kidogo, hadi hatua moja, kwa sababu kipima mwanga kitajaribu kuipausha hadi kijivu chake. Kisha tafuta mwanga mpana unaotoka ubavuni. Ngozi nyeusi inapendeza kwa jinsi inavyong'aa kwenye mashavu na paji la uso, na mng'ao huo unahitaji chanzo kikubwa cha mwanga: dirisha, ukuta mweupe, dari.

Dai la pili: "Kamera yako imezeeka. Nunua mpya, picha zitanyooka."

Mohamed Amin, Mkenya ambaye kamera yake iliionesha dunia njaa ya Ethiopia mwezi Oktoba 1984, alianza akiwa mwanafunzi Dar es Salaam kwa kamera ya Box Brownie. Kamera hiyo ni kijisanduku chenye lenzi sahili na mipangilio michache mno. Haikumzuia kujifunza, kwa sababu alijifunza mahali pa kusimama na wakati wa kubonyeza.

Kuna ukweli ndani ya dai hili, nami siukatai. Kamera mpya zinavumilia giza kuliko za miaka 15 iliyopita, zinafuata macho ya mtu anayetembea, na nyingi zina nafasi mbili za kadi, jambo ambalo kwenye harusi ni kinga ya kweli. Lakini mwenye fedha kidogo aziweke kwenye lenzi kwanza. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ile ya milimita 18 hadi 55, ikivutwa hadi mwisho hufungua tundu lake hadi f/5.6 tu. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa zile za bei nafuu kwa kampuni nyingi, huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi ya huo. Hakuna kamera mpya itakayokupa tofauti hiyo kwa bei hiyo.

Nguvu hiyo nayo ina masharti. Kwenye f/1.8, ukimlenga bibi harusi jichoni, bwana harusi aliyesimama hatua moja nyuma yake atatoka na ukungu. Kwa watu wawili funga hadi f/2.8 au f/4, na kwa picha ya ukoo mzima funga zaidi.

Hesabu ya megapikseli nayo isikutishe. Ukurasa wa albamu wenye sentimita 30 kwa 20, ukichapwa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, unahitaji pikseli milioni 8.4 hivi. Kamera nyingi za miaka zaidi ya kumi iliyopita zina hizo na zinabaki.

Dai la tatu: "Usipandishe ISO, picha itajaa chenga."

Dai hili limeharibu picha nyingi kuliko chenga zenyewe. Mpiga picha anayeogopa ISO, yaani unyeti wa kamera kwa mwanga, hubaki kwenye 400 ndani ya ukumbi wa usiku. Ili apate mwanga wa kutosha, kamera inashusha kasi ya shata hadi 1/15, na kila mtu anayecheka, anayecheza au anayegeuza shingo anatoka ametikisika.

Chenga hazizaliwi na namba ya ISO yenyewe. Kwa sehemu kubwa zinazaliwa na uhaba wa mwanga uliofika kwenye kamera. Ukipiga kwa ISO 800 ikatoka giza, kisha ukaivuta hatua mbili kwenye kompyuta, utapata chenga zilezile ambazo ungezipata kwa ISO 3200, na kwa kamera nyingi utapata mbaya zaidi, zikiwa na madoa ya rangi kwenye vivuli.

Katika ukumbi wenye taa za wastani, mahali pazuri pa kuanzia ni f/2.8, shata 1/125 na ISO 3200. Watu wakianza kucheza, pandisha shata hadi 1/250 na ISO hadi 6400 bila woga. Chenga hupungua picha inapochapwa kwa ukubwa wa albamu, na zipo programu za kuzisafisha. Hakuna programu itakayomrudisha shangazi aliyegeuka ukungu. Kati ya picha yenye chenga na picha iliyotikisika, familia itabandika ukutani ile yenye chenga, kwa kuwa inamwona mtu wake.

Dai la nne: "Weka auto, kamera ina akili kuliko wewe," na mwenzake, "Mtaalamu hupiga kwa manyuo tu."

Haya ni madai mawili yanayopingana, na yote mawili yanakwepa swali.

Kamera iliyoachwa kwenye auto haijui kama unapiga mtoto anayekimbia au keki iliyotulia. Kwenye giza huinua flashi yake ndogo bila kuuliza, huchagua shata inayotosha kuzuia mtikisiko wa mkono wako ilhali haizuii mwendo wa watu, na hulenga kitu kilicho karibu zaidi, mara nyingi chupa ya maji ya meza kuu.

Lakini kupiga kila kitu kwa manyuo, yaani kwa kupanga kila kipimo mwenyewe, si cheti cha utaalamu. Maharusi wanapoingia wakitoka nje penye taa kali, wakapita mlangoni penye giza, wakafika kwenye zulia lenye taa za rangi, mwanga hubadilika mara tatu ndani ya muda mfupi. Anayezungusha vitufe vyote kwa mkono atapitwa. Njia inayofaa hapo ni kuamua mawili yenye maana, yaani shata na tundu la lenzi, na kuiachia kamera ISO ijipange, ukiwa umeiwekea kikomo cha juu unachoweza kukivumilia. Wakati wa hotuba, taa zikiwa hazibadiliki, rudi kwenye manyuo kamili ili picha zote zilingane.

La muhimu ni kujua ni kitu gani umekishika mwenyewe na ni kipi umeikabidhi kamera, na kwa sababu gani.

Dai la tano: "Picha ina mistari ya giza, kwa hiyo kamera imeharibika."

Wapo wanaopeleka kamera kwa fundi kwa ajili ya hili. Wasubiri kwanza. Umeme wa Tanzania na Kenya hupiga mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za LED na za mirija zinazotumia umeme huo hupepesa mara 100 kwa sekunde bila macho kugundua. Shata inapokuwa ya haraka kuliko mpepeso huo, sehemu moja ya picha hunaswa taa ikiwa imewaka sana na sehemu nyingine ikiwa imefifia. Hapo ndipo mistari inapotoka, na ndiyo sababu picha mbili zilizofuatana hutofautiana rangi.

Shusha shata hadi 1/100 au 1/50, na kwa taa za kawaida mistari itapungua au itakwisha. Kama kamera yako ina kipengele cha kuzuia mpepeso, kiwashe. Zima shata ya kimya ya kielektroniki, kwa sababu husoma picha polepole mstari kwa mstari na kuzidisha tatizo. Taa za jukwaa zilizopunguzwa ukali kwa mitambo zina mpepeso wake tofauti, na kwa hizo kanuni ya 1/100 inaweza kushindwa. Piga picha za majaribio kabla wageni hawajafika, ubadilishe shata kidogo kidogo hadi mistari ipotee.

Taa za rangi ni mzigo mwingine. Uso uliomulikwa na taa ya buluu tupu au nyekundu tupu hauna rangi nyingine ndani yake ya kurudishwa, hata urekebishe vipi. Dawa ni kuzungumza. Mwombe MC na mpambaji, kabla ya shughuli kuanza, kwamba wakati wa kuvishana pete, kukata keki na kulishana, taa nyeupe ziwashwe. Wengi hukubali wakiambiwa mapema na kwa heshima.

Dai la sita: "Flashi ndiyo dawa ya giza."

Flashi ni chombo kizuri. Sidibé alizunguka nayo kwenye dansi za Bamako, na bila hiyo picha zake za usiku zisingekuwapo. Tatizo linaanza inapowekwa juu ya kamera, ikaelekezwa moja kwa moja usoni, ikaachwa hivyo usiku kucha.

Mwanga hupungua kwa kasi kadiri unavyokwenda mbali: umbali ukiwa maradufu, mwanga unabaki robo. Aliye mita mbili kutoka kwenye flashi anapata mara nne ya mwanga wa aliye mita nne. Kwa hiyo bibi harusi anaungua, wapambe nyuma yake wanafifia, na mapambo yaliyogharimu fedha nyingi yanageuka ukuta mweusi. Juu ya hayo, ukumbi una joto na watu wanatoka jasho. Flashi ndogo iliyo mbele inageuza kila tone kuwa doa jeupe kwenye paji la uso.

Igeuze ielekee dari au ukuta mweupe, na chanzo kidogo kitakuwa kikubwa na laini. Utapoteza hatua mbili au tatu za mwanga njiani, hivyo pandisha ISO kufidia. Angalia rangi ya dari kwanza, kwa sababu vitambaa vya waridi vilivyotandwa juu vitazipaka nyuso waridi. Kwenye turubai la giza au bustanini, pasipo na dari ya kurudisha mwanga, mpe msaidizi flashi aishike pembeni ikiwa na mwavuli mweupe. Kisha shusha shata hadi 1/60 hivi, ili taa za ukumbi nazo zipate nafasi ya kuingia kwenye picha. Flashi itawagandisha watu walio mbele, na mapambo yatabaki yanaonekana nyuma yao.

Dai la saba: "Mchana kuna jua la kutosha, hakuna haja ya kuhangaika."

Wingi wa mwanga na uzuri wake ni mambo mawili. Huku kwetu karibu na ikweta, jua la saa sita husimama juu ya vichwa. Dar es Salaam hulipata utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na katikati ya Oktoba. Jua la namna hiyo huchimba mashimo meusi machoni, huangusha kivuli cha pua juu ya midomo, na huunguza shela huku suti nyeusi iliyo kando yake ikizama. Tofauti kati ya shela hilo na suti hiyo ni kubwa, na kamera isiyosaidiwa itapoteza kimoja kati ya viwili.

Tafuta kivuli kilicho wazi: varanda, upande wa nyumba usio na jua, chini ya mwembe wenye majani mengi yasiyopitisha vidoa vya jua. Vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, ni studio tayari, kwa sababu kuta ndefu zinakinga jua na zile nyeupe zinarudisha mwanga laini usoni. Mahali pasipo na kivuli, wasimamishe maharusi wakilipa jua mgongo, kisha uwarudishie mwanga usoni kwa ubao mweupe au shuka jeupe lililoshikwa na mtu, au kwa flashi. Ukitumia flashi, kumbuka kwamba kamera nyingi haziruhusu shata kupita 1/200 au 1/250 bila kuwasha mfumo maalumu wa kasi. Kwenye jua kali, kwa ISO 100, hilo linakulazimisha kufunga tundu hadi karibu f/11.

Kamati ya harusi nayo ina sehemu yake. Picha za bustanini zikipangwa saa kumi na nusu badala ya saa saba, nusu ya matatizo haya hayatakuwapo. Lakini msichelewe mkafika saa kumi na mbili na nusu, kwa maana magharibi ya kwetu ni mafupi. Jua likishazama, mwanga unaofaa hudumu dakika kama ishirini tu.

Dai la nane: "Piga tu, tutarekebisha kwenye kompyuta."

Kurekebisha picha si dhambi. Ansel Adams, mpiga picha mkubwa wa mandhari wa Marekani, alipoipiga "Moonrise, Hernandez, New Mexico" mwaka 1941, hakukiona kipima mwanga chake. Alikokotoa kwa kutumia mng'ao wa mwezi alioujua kichwani. Nchi iliyo mbele ya picha ilitoka na mwanga haba, na kwa miaka mingi aliishughulikia katika chumba cha giza, akififisha anga na kuinua ardhi. Mwaka 1948 aliipa negativu yenyewe dawa ya kuongeza nguvu sehemu hiyo dhaifu.

Tazama lakini kilichomwezesha. Alilinda kitu kimoja ambacho kingepotea kabisa, yaani mwezi, akijua kwamba vilivyofifia vitavutika baadaye. Kanuni hiyo inafanya kazi hata leo. Kivuli kina taarifa ndani yake hata kikionekana cheusi, ila weupe ulioungua hauna kitu. Lace ya shela ikishaungua, hakuna kitufe kitakachoifuma upya. Ulengaji uliokosea haurekebishiki kwa kiwango cha kuchapwa, na mtikisiko vivyo hivyo.

Ukitaka kompyuta ikusaidie, ipe cha kufanyia kazi. JPEG huhifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili la RAW la biti 14 huhifadhi ngazi 16,384. Kwenye ukumbi wenye mwanga mgumu, kupiga JPEG peke yake ni kutupa akiba uliyo nayo mkononi. Kadi zijae, ununue nyingine.

Dai la tisa: "Picha ikitoka mbaya, ifute hapohapo."

Usifute. Kwanza, kioo cha kamera si shahidi wa kuaminika: gizani kinang'aa na kufanya picha yenye mwanga haba ionekane nzuri, na juani kinafifia na kufanya picha nzuri ionekane nyeusi. Tazama histogramu, ule mchoro wa mlima unaoonesha mwanga ulivyogawanyika. Mlima uliogandamana na ukuta wa kulia unasema kuna weupe umeungua. Washa pia onyo la kupepesa linaloonesha sehemu hizo.

Pili, kufuta katikati ya shughuli kunakufanya uiname wakati mambo yanapita, na kidole chenye haraka hufuta kisichokusudiwa.

Tatu, wewe si hakimu wa mwisho wa picha ya familia ya watu. Picha za mpiga picha wa vita Robert Capa za kutua kwa majeshi Normandy, tarehe 6 Juni 1944, zina ukungu na chenga tele. Jarida la Life lilizichapisha siku 13 baadaye, na hadi leo ni miongoni mwa picha zinazojulikana zaidi za siku ile. Kwenye harusi yenu, picha iliyotikisika kidogo ya babu akiinuka kucheza inaweza kuwa ya mwisho ambayo familia itakuwa nayo ya babu akiwa amesimama. Waachie wao waamue.

Nne, picha mbaya ni mwalimu. Kila faili limeandikwa ndani yake shata, tundu la lenzi, ISO, urefu wa lenzi na saa. Baada ya harusi, zipange zilizoharibika kwa aina ya kosa. Zilizotikisika zitakuambia shata yako ilikuwa chini. Zilizofifia zikiwa na taa nyuma zitakuambia ulipima ukumbi ukasahau uso. Ukungu wa ulengaji utakuambia tundu lilikuwa wazi mno au uliiacha kamera ichague pa kulenga. Anayefanya hivi kila baada ya kazi ataona makosa yake yakipungua aina moja baada ya nyingine.

Neno kwa pande mbili

Kwa wapiga picha wenzangu: nendeni ukumbini kabla ya siku ya kazi, saa ileile ya usiku, taa zikiwa zimewashwa. Mweke mtu mwenye ngozi kama ya maharusi kwenye kiti cha meza kuu, mmpige, mwandike mipangilio iliyofaa. Kazi hiyo ya saa moja inaokoa albamu nzima. Na msirudie tena kumwambia mteja kwamba ngozi yake ndiyo tatizo.

Kwa familia na kamati: msichague mpiga picha kwa picha kumi nzuri alizoziteua. Mwombeni awaoneshe harusi moja nzima ya usiku, kuanzia maharusi wanapoingia hadi muziki wa mwisho. Tazameni nyuso za wazee, watoto na wapambe, si za maharusi peke yake. Kisha mmuulizeni taa zitakuwaje, atasimama wapi, na ana akiba ya kadi na betri kiasi gani. Anayeijua kazi yake atayajibu maswali hayo kwa furaha.

Giza, jua kali na taa za rangi ni mazingira ya kazi hii, na mpiga picha huyajua kabla hajapokea malipo. Anayeupokea usiku wa watu, awajibike kwa usiku huo.